Maji ya Kumwonyesha Mgeni

Kuna watu wakisikia neno "mradi" mate huwajaa mdomoni. Mimi hushikwa na kichefuchefu. Tumbo hunigeuka kweli, kama mtu aliyefunua chungu akakuta mboga ya juzi imeota ukungu. Sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, na walimu wangu walikuja na Landrova.

Jina langu ni Paskalia. Nalima kabichi na karoti Lukwale, juu ya Matombo, kwenye mteremko ambao ukidondosha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Kwetu Uluguru ardhi hufuata mama. Ukoo wetu umerithi kwa bibi zetu kipande cha msitu, na ndani yake ipo chemchemi ya Kinyamale. Maji yake ni baridi hata Januari. Wenye chemchemi ni sisi, lakini hatujawahi kumnyima mtu maji, kwa sababu kwetu anayenyima maji hata mvua humwonea haya. Kijiji kizima kilichota pale. Hata tulipopangwa kuwa kijiji cha ujamaa, mwaka ule wa njaa, wa kula unga wa njano wa msaada tuliouita Yanga, mtoto wa darasa la kwanza aliweza kwenda Kinyamale na kurudi kabla uji wake haujapoa.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Anselmi. Alikuwa bwana mradi, mtu wa milima hiihii, aliyesomeshwa na mapadri akaenda mjini akarudi na viatu vinavyong'aa. Akatuambia kuwa nchi moja ya Ulaya, ya baridi kali, imetoa fedha ili wananchi wa Lukwale wapate maji ya bomba, koki moja kwa kila nyumba kumi. Kilichobaki ni ukoo wetu kuuachia mradi chemchemi. Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, alikuwa na kovu mgongoni tangu mwaka wa matuta, Mwingereza alipotulazimisha kukata ngazi milimani, kwa hiyo hakuwa mtu wa kudanganyika na kila mwenye suruali. Alimuuliza maswali hadi jua likapinda. Mwisho Bwana Anselmi akaapa mbele ya ukoo kwamba maji ya Kinyamale hayatavuka kijiji kabla kijiji hakijanywa. Mjomba akakubali. Alikufa mwaka uleule, na mimi nasema bora alikufa.

Wanaume walichimba mitaro kwa msaragambo, bila malipo, wakiimba. Chemchemi ikajengewa sanduku la saruji, ikawekewa mfuniko wa chuma na kufuli. Chini yake, kwenye mteremko, likajengwa tangi kubwa, na kijijini zikasimikwa koki zilizopakwa rangi ya buluu. Halafu bomba la kwanza likalazwa. Lilitoka chemchemi, likalipita tangi, likavipita vichwa vyetu, likaenda mpaka nyumba ya wageni ya mradi kule chini barabarani, yenye bustani ya maua na choo cha kuvuta. Tuliambiwa ni majaribio. Majaribio hayo hayakuisha. Mabomba ya kijiji yaliyofika yalitosha kuunganisha tangi na koki moja tu, ile ya mbele ya ofisi ya Chama, na lile la kuleta maji tangini halikuonekana kabisa. Kila tulipouliza tulijibiwa kuwa yamo njiani.

Ni kweli yalikuwa njiani. Kaka yangu Alois alipanda lori la ndizi kwenda Dar es Salaam, lori likasimama Mikese ili dereva anywe chai. Alois akaenda nyuma ya vibanda kujisaidia, akaona shamba la michungwa linamwagiliwa kwa mabomba ya rangi ya buluu ileile. Akauliza ni la nani. Akaambiwa ni la Bwana Anselmi wa miradi, mtu mkarimu sana.

Alois alirudi akatusimulia kwa kunong'ona. Aliyesema kwa sauti alikuwa Lukasi, fundi seremala, kwenye mkutano wa kijiji. Kesho yake mgambo walimfuata, akawekwa ndani kwa kosa la kupinga maendeleo, na alipotoka mahindi yake yalikuwa yamemezwa na magugu. Hakuna aliyemwambia pole wala samahani. Tangu hapo mkutanoni Bwana Anselmi akiuliza kama kuna swali, wanaume walikohoa tu, kana kwamba kijiji kizima kina mafua.

Sisi wanawake tulishuka mtoni. Mto uko chini kabisa, na njia yake ni udongo mwekundu unaoteleza kama bamia. Jirani yangu Veronika alianguka pale na debe lililojaa, akaharibu mimba ya miezi mitano. Sasa binti yangu Kristina, kitinda mimba wangu, alikuwa na mimba ya kwanza, na kila asubuhi nilimwona akipandisha mlima ule, debe kichwani na mkono mmoja kiunoni. Nilimkataza, akanicheka. Tungekunywa nini? Mimi mwenyewe nilichota mara mbili yake na bado hayakutosha. Sikutaka mambo makubwa. Nilitaka kufuli la Kinyamale lifunguliwe kabla mwanangu hajajifungua, basi.

Ndipo likaja tangazo la mgeni. Nchi ile ya baridi ilikuwa inamtuma mtu wake kuja kuangalia kama fedha zao zimefanya kazi waliyozituma. Akiridhika, atatia sahihi kuwa mradi umekamilika na nyumba ya wageni, chemchemi na kufuli lake vitabaki mikononi mwa mradi moja kwa moja. Asiporidhika, Bwana Anselmi atakuwa na maswali ya kujibu.

Aliyeniletea habari hiyo alikuwa Dominiko, mwenyekiti wa kijiji. Dominiko ni mtani wangu. Si utani wa mtu na mtu. Ni wa koo zetu mbili, tangu enzi za mababu. Akifa mtu wao, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaofagia uwanja na kuwapiga wafiwa vijembe mpaka machozi yao yachanganyike na kicheko. Akifa wa kwetu, wao hufanya hivyohivyo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua kuku wako akamchinja, nawe huna pa kushtaki. Anayemkasirikia mtani amejivua nguo mwenyewe.

"Mchawi wee," alibisha hodi kwa namna yake, "bado hujafa tu?"

"Nangoja nikuzike wewe kwanza," nilimjibu. "Nani mwingine ataweza kubeba hilo tumbo?"

Akacheka, akakaa, akaomba maji. Nikampa kikombe nusu. Alikitazama, kisha akaacha utani.

"Paskalia, mgeni anakuja. Tangi halina kitu. Bwana Anselmi anaomba kina mama walijaze."

"Walijaze na nini?"

"Na maji. Ya mtoni."

"Yaani tuchote bondeni, tupite majumbani kwetu ambako hamna maji, tupande mpaka juu tukamwage tangini, ili yashuke kwenye koki, mzungu aone bomba linatoa maji?"

"Kila mama atapata sukari."

"Dominiko, unasikia unachosema?"

Alipangusa jasho kwa kofia. "Sasa unataka mgeni akute kijiji kikavu? Aibu itakuwa ya nani? Ya Anselmi? Yeye ana pa kwenda. Itakuwa yetu. Watasema Waluguru wamepewa fedha wamezila."

Na hapo ndipo alipowapata wenzangu. Si kwa sukari tu, ingawa sukari ilikuwa imeadimika hata tukasahau rangi yake. Kwetu mgeni hakuti nyumba ikiwa na aibu. Mkila mihogo mikavu, mgeni akija mtakopa kuku. Mkigombana, mgeni akija mtacheka. Tumelelewa hivyo, na Bwana Anselmi alijua, kwa sababu naye alilelewa hivyo. Alichukua adabu ya mama zake akaigeuza kuwa pazia la kufichia wizi. Hilo ndilo linalonichefua kuliko hata mabomba.

Siku moja kabla ya mgeni, kutwa nzima, wanawake walipandisha maji. Mstari mmoja ulipanda na madebe, mwingine ukashuka mtupu, kama siafu waliorogwa. Nilikataa. Nilikaa barazani nikimenya maharage, nikiwatazama, nikitema mate. Adhuhuri nikamwona Kristina katika mstari, na tumbo lake.

Nilimkimbilia nikamshika mkono. "Na wewe?"

"Mama, niache. Nataka sukari ya uji wa uzazi."

Akanipita. Maji yalimwagika kidogo yakanilowesha bega, nami nikalia kwa hasira pale njiani, mtu mzima. Nilipomaliza kulia nilijua nitakachofanya.

Mkutanoni hakuna aliyethubutu kusema. Lukasi alisema akafungwa. Lakini tangu dunia iumbwe hakuna mtani aliyefungwa kwa maneno ya utani. Ningemtukana Dominiko mbele ya mgeni, na katika matusi yale ningeyaweka yote: tangi, mto, Mikese na choo cha kuvuta. Bwana Anselmi ndiye angekuwa mkalimani, najua, lakini maji yenyewe hayahitaji mkalimani. Tangi halikujaa; lisingeweza kujaa kwa madebe. Koki ikiachwa wazi, ingekauka mbele ya macho ya mgeni. Niliona mpango wangu hauna tundu.

Mgeni alifika asubuhi na Landrova mbili. Alikuwa mrefu, shingo imeiva kwa jua, kaptura na soksi ndefu kama askari wa zamani. Akavishwa taji la maua. Kina mama wakacheza. Bwana Anselmi akasoma hotuba kuhusu kujitegemea, na jinsi wananchi wa Lukwale walivyouvalia njuga mradi wao, akiitafsiri mwenyewe kipande kwa kipande. Mgeni aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye koki, akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu. Watu wakapiga makofi na vigelegele, wale wale ambao shingo zilikuwa bado zinawauma. Mgeni akakinga kiganja, akanywa. Nikasema moyoni: kunywa baba, hayo ni jasho la mwanangu.

Nikatoka kwenye kundi. Nilikuwa nimejipaka majivu usoni na kuvaa koti la marehemu mjomba wangu, kama tufanyavyo matangani. Watu waliponiona tu wakaanza kucheka. Nikaenda moja kwa moja kwa Dominiko, nikamvua kofia nikaivaa mimi, nikavuta kiti chake akabaki amesimama.

"Mwoneni huyu!" nikapaza sauti. "Tumbo tangi, kichwa tangi, na vyote vitupu! Anajazwa na wanawake kwa madebe!"

Kicheko kikapasuka. Nikaifungua koki mpaka mwisho, nikaiacha ikimwaga.

"Mgeni, tazama maajabu! Duniani kote maji hushuka mlima. Lukwale yanapanda! Yanapandia vichwani mwa wanawake tangu jana, ndiyo hayo uliyoyanywa! Ya Kinyamale yana kazi kubwa zaidi, yanasukuma mavi ya wakubwa kule barabarani! Na ukitaka kuyaona mabomba yako, pitia Mikese, michungwa ya huyu hapa imenenepa kuliko watoto wetu!"

Nilimwonyesha Bwana Anselmi kwa kidole. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wazee waligaragara. Hata Lukasi, aliyelala rumande kwa maneno hayohayo, alijipiga paja akalia kwa kicheko. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo walivyozidi kucheka, kwa sababu ndivyo utani ulivyo: ukigusa penyewe, ndipo unapochekesha.  Nilichagua njia pekee ambayo mtu wa kwetu anaweza kusema lolote, nikasahau kuwa ni njia hiyohiyo ambayo mtu wa kwetu halazimiki kusikia lolote.

Bwana Anselmi hakukasirika. Alicheka kuliko wote. Alimgeukia mgeni akaongea Kizungu kirefu, akinionyesha mimi kisha Dominiko, na katikati nikasikia neno "utani", halafu tena "utani". Mgeni akatabasamu, akatoa kamera yake, akanipiga picha na majivu yangu.

Lakini koki ilikuwa bado wazi. Nikasimama kando yake. Watu wakaendelea kucheka, kisha vicheko vikapungua, kwa kuwa kila mwanamke pale aliyajua maji yale kiasi chake. Maji yakawa membamba. Yakakatika, yakarudi, yakapiga chafya. Kisha koki ikatoa upepo, na tone moja likaning'inia pale mdomoni.

 Bwana Anselmi aliacha kucheka. Mgeni akaitazama koki. Akalitazama tangi juu mlimani. Akawatazama wanawake, na ngata za kujitwikia madebe zilizokuwa bado mikononi mwa baadhi yao. Niliona macho yake yakifuata njia yote, kutoka tangini kuja kwetu na kutoka kwetu kwenda bondeni, nikajua ameona.  Nikasema, haya sasa, uliza.

Akaitazama saa yake ya mkononi.

Kisha akasema kitu kwa Bwana Anselmi, wakapeana mikono, na msafara ukaanza kushuka kuelekea yalipo magari.

Sisi wanawake tulipewa ndizi na mananasi tuwapelekee zawadi mpaka barabarani. Nilibeba mkungu wangu kama mtu anayebeba maiti. Bwana Anselmi na Dominiko walitangulia mbali wakizungumza. Mgeni alibaki nyuma, akitembea taratibu kwenye utelezi, mpaka akawa kando yangu.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "pole kwa mzigo."

Nusura mkungu unidondoke. "Wewe unajua Kiswahili?"

"Nilifundisha Iringa miaka ya nyuma. Nimekuelewa tangu neno la kwanza."

"Na Mikese?"

"Na Mikese."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Alinigeukia. Hakuwa na uso wa mtu mbaya, na hilo lilinichukiza zaidi, maana mtu mbaya ningejua la kumfanya.

"Mama, sikiliza. Kule kwetu kuna watu bungeni wanaongoja habari mbaya moja tu. Nikiandika nilichokiona leo, watasema misaada yote ya Afrika inaliwa, wataifunga. Kuna zahanati inataka kujengwa mahali pengine, kuna shule. Zote zitakufa kwa sababu ya Lukwale."

"Na hao wa zahanati, nao wakiibiwa, utanyamaza ili kijiji cha tatu kipate?"

Alipangusa shingo yake iliyoiva.

"Wakubwa zako ndio waliokutuma uje uangalie," nikamwambia. "Wanataka kujua au hawataki?"

"Wanataka kuambiwa kwamba imefaulu," akasema polepole. "Waziri wetu naye ana watu wa kumuuliza. Pole sana, mama."

Pole! Nilimtazama yule mtu, na kiganja chake alichonywea maji ya Kristina, nikaona ningemtapikia miguuni. Nilikuwa nimeamini kwamba uchafu uko kwetu, na kwamba mahali fulani mbali, kwenye theluji, yupo mtu mwenye fedha yake anayeumia inapopotea. Kumbe huko nako kuna akina Anselmi, wa soksi ndefu. Fedha haikuwa yake, haikuwa ya Anselmi, haikuwa yetu. Ilikuwa ya walipa kodi fulani ambao nao, naamini, walionyeshwa picha yangu ya majivu wakacheka.

Nilitua mkungu katikati ya njia nikageuka kurudi nyumbani. Jioni tulisikia kuwa sahihi imetiwa kwenye nyumba ya wageni, baada ya chakula.

Kesho yake sikumwomba mtu ruhusa. Nilimchukua Veronika, nikawachukua shangazi zangu na wanawake wote wa ukoo wetu waliokuwa na miguu, tukapanda Kinyamale na nyundo ya Lukasi. Kufuli lilikuwa gumu. Tukaliacha tukavunja bomba. Maji ya mama zetu yakaruka juu, meupe, baridi. Kijiji kizima kilikuja na vyombo. Watoto waliogeshwa wakapiga kelele kwa baridi. Kristina alikaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, akinicheka mimi niliyelowa mpaka kichwani. Tulichota bila kupanga foleni. Hata Dominiko alikuja na ndoo, akajaza, akashuka nayo.

Siku iliyofuata, kabla umande haujakauka, lori lilifika.

Mradi uliokosa mabomba ya kijiji kwa muda wote ule ulikuwa na mabomba ya nyumba ya wageni asubuhi moja. Yalikuwa mapya, ya buluu. Wakaja mafundi, saruji, waya wa miiba na mgambo wenye bunduki. Kabla adhuhuri bomba lilikuwa limeungwa, na choo cha kuvuta kikavuta. Kumbe walijua kufanya kazi. Kumbe njia ya lori ilipitika. Nilisimama pale nikitazama uhodari wao, na sijawahi kuona kitu kilichonitia kinyaa kama uhodari ule.

Bwana Anselmi akakusanya watu. Akauliza nani aliyehujumu mali ya umma. Watu wakakohoa. Akarudia, akasema kama hakuna atakayesema, watachukuliwa wanaume kumi. Akamtazama mwenyekiti.

Dominiko aliinamisha kichwa. Kisha akanyoosha kidole, kilekile alichozoea kunitania nacho, akanionyesha mimi.

Sikuamini. Wala watu hawakuamini. Nilisikia wakivuta pumzi. Mgambo wakanishika, na nilipokuwa napandishwa kwenye lori nilimsubiri aniite mchawi, aseme lolote lile la kuonyesha kuwa bado ni utani. Alitazama pembeni.

Nililala rumande mjini Morogoro kwa wiki kadhaa, kwenye sakafu yenye harufu ya mkojo. Niliulizwa nani kanituma. Nikawaambia kiu. Mwisho walichoka na mimi wakaniachia, bila kesi, kama Lukasi.

Kristina alikuwa amejifungua nikiwa ndani. Mtoto wa kike, mzima. Waliniambia uchungu ulimshika akiwa njiani kutoka mtoni, akaketi mpaka ukapita, akajitwika tena debe lake akapanda nalo hadi nyumbani. Maji ya kumwoshea mtoto aliyachota mwenyewe. Nilimpokea mjukuu wangu mikononi, na badala ya kushangilia nikatazama juu mlimani. Kinyamale kulikuwa na waya wa miiba, na kufuli jipya kubwa kuliko la kwanza.

Jioni ile watu walijaa uwanjani kunipokea. Walikuwa bado wanacheka na kunipa pole ndipo Dominiko alipotokea. Alikuwa amekonda. Alikuja na jogoo mkubwa kwapani, wa kuomba radhi kwa desturi yetu, akasimama mbele yangu mbele za watu wote, akajilazimisha kutabasamu.

"Mchawi wee," akasema, "hata rumande wamekushindwa?"

Watu wakaningojea. Nilipaswa kumnyang'anya yule jogoo, nimkebehi kukonda kwake, na mambo yote yangeisha. Ndivyo utani unavyoosha. Wote walitaka nifanye hivyo. Hata mimi mdomo wangu ulikuwa umeshajaa matusi, na nilimpenda yule mtu tangu utoto.

Nikapiga goti kidogo, kama mtu anavyomheshimu mkubwa asiyemjua.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Mama mmoja nyuma yangu akasema "Mungu wangu!" Dominiko hakuitikia. Jogoo alimponyoka akakimbilia migombani na hakuna aliyemfukuza.

"Usinifanyie hivyo, Paskalia," alinong'ona. "Mama yangu yuko kitandani, hamalizi mwezi. Nani atamzika?"

"Ofisi ya kijiji ipo, Mwenyekiti," nikamwambia kwa adabu. "Andikeni mradi."

Nilimrudishia Kristina mtoto, nikachukua debe na ngata, nikashuka mtoni kabla giza halijaingia.